Santuri Elfu Moja

Tarehe 29 Januari 1977 vijana wanne wa Manchester walitoa santuri ndogo yenye nyimbo nne. Fedha za kuirekodi na kuichapa, kiasi cha pauni 500, walizikopa kwa jamaa na marafiki. Kampuni ya santuri hawakuwa nayo, basi wakajiundia yao na kuipa jina la New Hormones. Walichapa nakala 1,000, na nia yao haikuwa kubwa zaidi ya kuziuza hizo na kulipa deni. Bendi ilikuwa Buzzcocks, santuri ilikuwa Spiral Scratch, na hatimaye ziliuzwa nakala zipatazo 16,000.

Nimeanza na hesabu ya fedha kwa makusudi. Watu wengi wa kwetu wakisikia neno roki hufikiria nywele ndefu, jukwaa kubwa na gitaa linalolia kama paka aliyebanwa mlangoni. Picha hiyo ina ukweli wake. Lakini roki ninayotaka kuieleza hapa ilizaliwa katika vyumba vya kupanga, katika maduka madogo na kwenye foleni ya posta. Kilichoitofautisha na ile nyingine ni swali la nani anayo haki ya kutoa santuri, na nani anayo haki ya kumwambia mwenzake, "Hebu sikiliza hii." Waingereza waliziita kampuni ndogo hizo kampuni huru. Mimi niliyesoma shule ya msingi katika miaka ya Azimio la Arusha huziita kampuni za kujitegemea, na mpaka leo sijaona neno linalofaa zaidi.

Panki yenyewe ililipuka Uingereza mwaka 1976. Ilikuwa muziki wa haraka, mkali, wa vijana wasiokuwa na kazi, na uzuri wake mkubwa ni kwamba haukumtaka mtu awe fundi kwanza ndipo apande jukwaani. Ubaya wake ni kwamba katika muda wa miaka miwili uligeuka sare: koti la ngozi, pini, na nyimbo zinazofanana kama matofali. Waliokuja nyuma yake walichukua uhuru wa panki wakaiacha sare. Wakaingiza mwangwi wa reggae, mapigo ya Wamarekani Weusi, vinanda vya umeme, na hata vitabu walivyosoma chuoni. Huo ndio muziki unaoitwa wa baada ya panki, na miaka yake mizito ni kati ya 1978 na 1984.

Jambo lililonivutia tangu mwanzo ni kwamba vijana hawa hawakuficha hesabu. Buzzcocks waliandika kwenye jalada kila wimbo ulirudiwa mara ngapi studio kabla ya kukubalika. Bendi ya The Desperate Bicycles, iliyoundwa mwaka huohuo 1977 kwa ajili ya kutoa santuri tu, ilitangaza kwamba kazi nzima iligharimu pauni 153, ikawahimiza wasikilizaji wakajaribu wenyewe. Mwaka 1978 Scritti Politti walitoa santuri ya kwanza wakachapa kwenye jalada la karatasi gharama zote, kipengele kwa kipengele: studio, kuchapa, lebo. Fikiria mfanyabiashara wa Kariakoo akibandika mlangoni risiti ya bei aliyonunulia mzigo, halafu akaandika chini yake anwani ya mtu aliyemuuzia. Sijui kama angemaliza mwezi.

Mimi nilifika Leeds Oktoba 1983. Nilitoka Tanga, nikaenda kusomea mambo ya nyuzi, kwani kwetu mkonge ndio uliokuwa umetulea na tulidhani bado utatulea. Muziki niliokwenda nao kichwani ulikuwa wa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi za mji wetu, na taarabu ya Black Star na Lucky Star iliyokuwa ikipigwa katika kila nyumba yenye arusi. Sikuwa na haja ya roki. Haja niliyokuwa nayo ni ya sauti ya mtu usiku, kwa sababu chumba kilikuwa baridi na Waingereza wa jumba lile walikuwa watu wa kusalimu kwa nyusi.

Basi nilinunua redio ya mtumba, na saa nne usiku nikampata John Peel.

Jina lake la kuzaliwa ni John Ravenscroft, amezaliwa mwaka 1939 karibu na Liverpool. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa pamba, na mwaka 1960 alimtuma kijana wake Marekani, Texas, akajifunze biashara hiyo kwa mkulima waliyekuwa wakiuziana mali. Mtu wa nyuzi kama mimi hawezi kuacha kulitaja jambo hilo. Kijana hakuipenda pamba, aliipenda redio. Aliporudi Uingereza mwaka 1967 alitangaza kwanza katika redio haramu iliyorusha matangazo yake kutoka melini, na Septemba ya mwaka huo BBC ilipofungua Radio 1 alikuwa mmoja wa watangazaji wake wa mwanzo. Alidumu hapo mpaka alipofariki ghafla Cuzco, nchini Peru, tarehe 25 Oktoba 2004. Wenzake wote wa mwanzo walikuwa wamekwisha kuondoka.

Sauti yake haikuwa ya mtangazaji. Alizungumza taratibu, kama mtu anayekueleza habari za jirani huku anatafuta miwani. Mara nyingi aliweka santuri katika kasi isiyo yake, ya 45 ikapigwa kwa 33, akagundua katikati ya wimbo, akaomba radhi, akaanza upya. Angepiga bendi ya Scotland ambayo haijawahi kuchezwa popote, kisha reggae, kisha kelele tupu za Wajerumani, kisha gitaa la Zimbabwe. Hakuniambia hata siku moja kwamba wimbo fulani ni muhimu. Alisema ameupenda, au alinyamaza. Mwaka 1978 santuri ya The Undertones, Teenage Kicks, iliyotolewa na duka dogo la Belfast liitwalo Good Vibrations, ilimgusa hata akaipiga mara mbili mfululizo katika kipindi kimoja. Maneno ya wimbo huo yameandikwa kwenye kaburi lake.

Hapa nataka nikae kidogo, maana kuna jambo ambalo Mwingereza hawezi kuliona kwa urahisi na sisi tunaweza.

Sifa kubwa ya kipindi cha Peel ilikuwa zile nyimbo zilizorekodiwa mahsusi kwa ajili yake katika studio za BBC za Maida Vale, London. Bendi iliitwa, ikafika mchana na vyombo vyake, ikarekodi nyimbo nne, na kabla ya usiku wa manane kazi ilikuwa imekwisha, imechanganywa, tayari kwa kurushwa. Zaidi ya 4,000 zilirekodiwa hivyo, na wasanii zaidi ya 2,000. The Fall, bendi ya Mark E. Smith kutoka Manchester, peke yake ilirekodi mara 24. Joy Division walikwenda mara mbili mwaka 1979. Watu huandika kana kwamba utaratibu huu ulibuniwa kwa mapenzi ya sanaa. La hasha. Ulitokana na mkataba kati ya BBC, kampuni za santuri na chama cha wanamuziki, ambao mpaka mwaka 1988 uliweka kikomo cha saa ambazo redio ingeruhusiwa kupiga santuri. Saa zilizobaki ilibidi zijazwe na wanamuziki walio hai. Kanuni ya kibahili ikazaa hazina.

Sasa ndugu msomaji, tazama upande wetu. Radio Tanzania Dar es Salaam nayo ilirekodi bendi katika studio yake, siku moja, wote wakipiga kwa pamoja, bila nafasi ya kurudiarudia. Sababu yetu ilikuwa nyingine: nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na bendi iliyotaka santuri ilibidi ipande basi kwenda Nairobi. NUTA Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na baadaye Mlimani Park, wote tunawajua vijukuu vyetu wanavyowajua kwa sababu mhandisi wa redio aliwasha mtambo wa kanda siku ile. Nilipokuwa Leeds nikisikia bendi changa ya Maida Vale inavyokimbilia mwisho wa wimbo, kwa hofu na furaha ya watu wenye saa moja iliyobaki, nilikuwa naitambua hali hiyo. Niliijua tangu utotoni.

Tofauti ipo, nami siwezi kuipita. Kwetu mashairi yalipitiwa kwanza na kamati. Wimbo uliosemwa kuwa haufai haukurekodiwa, na usiporekodiwa hapo haukuwa na pa kwenda. Kule, mtu aliyekataliwa na redio alikuwa bado ana pauni 153 za kuazima. Tulikuwa na kujitegemea katika hotuba. Wale vijana walikuwa nako katika jalada la santuri. Nasema hivi bila kumlaumu mhandisi yule wa redio, ambaye ninamwona ni mmoja wa watu wakubwa wa nchi yetu.

Turudi Leeds. Kijana wa chumba cha juu aligundua kwamba mimi na yeye tunasikiliza kipindi kimoja, kwa kuwa sakafu ilikuwa nyembamba. Akashuka na kanda mbili. Ya kwanza ilikuwa Unknown Pleasures ya Joy Division, iliyotolewa Juni 1979 na kampuni ya Factory ya Manchester. Nilivyoisikia, kitu cha kwanza kilichonishangaza ni gitaa la besi. Katika muziki wa dansi wa kwetu besi hukaa chini ikabeba nyumba, na solo ndilo linaloimba. Hapa Peter Hook alikuwa amepandisha besi juu, ndiyo inayoimba, na gitaa lenyewe limekaa pembeni likikwaruza. Ngoma zilisikika kama zinapigwa katika ghala tupu lenye mvua nje. Hiyo ilikuwa kazi ya mtayarishaji Martin Hannett, yuleyule aliyesimamia Spiral Scratch. Mwimbaji, Ian Curtis, alikuwa amejiua tarehe 18 Mei 1980, akiwa na miaka 23. Kijana hakuniambia habari hiyo mpaka nilipomrudishia kanda. Nilimshukuru kwa hilo. Alitaka nisikie muziki kabla sijasikia msiba.

Kanda ya pili ilikuwa Entertainment! ya Gang of Four, watu wa hapohapo Leeds, wanafunzi wa chuo. Gitaa lao linakata kama panga kwenye mkonge, halina solo hata moja ya kujionyesha. Nilimtumia mdogo wangu Tanga nakala ya nyimbo hizo. Barua yake ilikuja baada ya miezi miwili: "Kaka, kanda yako nzuri lakini wimbo unakatika kabla haujafika penyewe. Chemko liko wapi?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Muziki huu hauna chemko. Unaanza pale ambapo dansi yetu ingekuwa imekwisha pasha moto, na unasimama pale ambapo sisi ndio kwanza tungevua makoti.

Lakini palikuwa na swali jingine ambalo sikumwandikia mdogo wangu. Nalo ni kama muziki huu ulikuwa unanitaka.

Katika mwezi wangu wa kwanza niliambiwa katika nyumba tatu kwamba chumba kimekwisha kupangishwa, na katika moja ya hizo tangazo lilikuwa bado limebandikwa dirishani. Leeds ulikuwa mji ambao vijana wa National Front walisimama nje ya viwanja vya mpira wakiuza magazeti yao, na baadhi yao walivaa na kunyoa kama mashabiki wa panki. Ukumbi wa muziki kwangu haukuwa mahali pa kuingia tu. Kwanza nilisimama ng'ambo ya barabara nikahesabu ni akina nani wanaoingia.

Na historia ya jambo hili inagusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Wahindi wa Kenya walipoanza kuhamia Uingereza kwa wingi mwaka 1967 na 1968, serikali ya huko ilipitisha kwa haraka sheria ya kuwazuia, na Aprili 1968 mwanasiasa Enoch Powell akatoa hotuba yake mashuhuri ya kuchochea hofu dhidi ya wahamiaji. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Wahindi wa Uganda, na maelfu wakaishia katika miji kama Leicester. Mnamo Agosti 1976, katika jukwaa la Birmingham, mpiga gitaa maarufu Eric Clapton, mtu aliyejenga jina lake kwa muziki wa Wamarekani Weusi, aliwaambia watazamaji wamuunge mkono Powell. Watu wachache waliandika barua ya hasira kwa magazeti ya muziki, na kutokana na barua hiyo ikazaliwa harakati ya Rock Against Racism, yaani roki dhidi ya ubaguzi wa rangi. Tarehe 30 Aprili 1978 watu wanaokadiriwa kufika 80,000 au zaidi waliandamana kutoka Trafalgar Square mpaka Victoria Park, London, ambako walipiga The Clash, Steel Pulse, Tom Robinson Band na X-Ray Spex. Mwimbaji wa X-Ray Spex, Poly Styrene, msichana mwenye vyuma vya meno na sauti ya kupasua anga, baba yake alikuwa Msomali.

Nilipofika mimi harakati hiyo ilikuwa imekwisha, lakini beji zake zilikuwa bado kwenye makoti. Nilijifunza kuzitafuta kwa macho kutoka ng'ambo ya barabara. Zikiwa nyingi, niliingia. Sikuwahi kupigwa ndani ya ukumbi. Nilitazamwa, hilo ndiyo, na usiku mmoja msichana aliniuliza kama nimepotea. Nikamwambia hapana, nimekuja kuwasikia The Mekons, akaniuzia kijarida kwa senti ishirini.

Vijarida hivyo vinastahili sura yao. Cha kwanza kujulikana sana kilikuwa Sniffin' Glue, kilichoanzishwa na Mark Perry, karani wa benki, mwaka 1976, kwa nakala chache za fotokopi. Kilipofungwa mwaka 1977 kilikuwa kinachapwa kwa maelfu. Baada yake vilienea kila mji: karatasi za fotokopi zilizobanwa kwa pini, makosa ya taipureta yameachwa, maoni makali yasiyo na adabu, na nyuma orodha ya anwani za kuagiza kanda. Mwandishi alikuwa hana cha kupata. Akikusifia bendi unajua ameipenda kweli, na akiitukana unajua kesho atakutana nayo kwenye baa. Sijapata tena kusoma uhakiki wenye dhamana kubwa kiasi hicho.

Duka lilikuwa nguzo nyingine. Mwaka 1976 Geoff Travis alifungua Rough Trade mtaa wa Kensington Park Road, London, na mwaka 1978 duka likawa pia kampuni ya santuri. Wafanyakazi walilipwa sawa. Mkataba na bendi ulikuwa rahisi: toa gharama, kinachobaki tugawane nusu kwa nusu. Mtu aliyesoma habari za vijiji vya ujamaa ataguna hapa, na ataguna tena nikimwambia kwamba kwa muda ulifanya kazi. Inflammable Material ya Stiff Little Fingers, albamu ya kwanza ya kampuni hiyo mwaka 1979, iliuzwa nakala zaidi ya 100,000. Kisha maduka ya miji mbalimbali, kama Probe la Liverpool, Red Rhino la York, Revolver la Bristol na Backs la Norwich, yaliungana na Rough Trade katika mtandao wa usambazaji ulioitwa The Cartel. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri. Kutoa santuri 1,000 si kazi. Kazi ni kuifikisha ya mia tisa tisini na tisa kwa kijana wa kijijini ambaye alisikia jina la bendi mara moja redioni. Tangu Januari 1980 palikuwa na orodha maalumu ya mauzo ya santuri huru, na kigezo cha kuingia hakikuwa aina ya muziki. Kilikuwa kwamba santuri isisambazwe na makampuni makubwa.

Usambazaji wa Rough Trade ulianguka mwaka 1991 kwa madeni, ukaburuza kampuni nyingi ndogo ambazo fedha zao zilikuwa humo. Factory nayo ilifilisika Novemba 1992. Wapo wanaosema ni ushahidi kwamba ushirika hauwezi. Mimi huona walikua haraka kuliko uhasibu wao, ugonjwa ambao hata mabepari wanao.

Lawama yangu kwa ulimwengu ule ni nyingine. Kila mwisho wa mwaka, tangu 1976, wasikilizaji wa Peel walimwandikia kuchagua nyimbo zao bora, na yeye akapiga hamsini zilizoongoza. Mimi niliyezoea kadi za salamu za Radio Tanzania nilipeleka kura zangu kwa bidii. Mwaka mzima mtu yule alikuwa amewapigia reggae, hip-hop, muziki wa Zimbabwe na wa Kongo. Orodha ikitoka, ni vijana wa kizungu wenye magitaa kuanzia juu mpaka chini. Peel mwenyewe alilalamika hadharani. Wasikilizaji walimwamini kwa nusu ya alichowaonyesha, nusu nyingine wakaivumilia kama mtu anavyovumilia matangazo ya vifo. Hapo nilipata jibu la swali langu la kule barabarani, na halikuwa jibu moja. Waliopiga na waliouza walinitaka. Umma wao ulikuwa bado unafikiri.

Hata hivyo mtangazaji hakuacha. Mwaka 1986 aliwapiga The Bhundu Boys wa Harare mpaka wakajaza kumbi Uingereza, na siku ya kutimiza miaka 50, mwaka 1989, waliomchezea sherehe yake walikuwa The Fall na The Four Brothers wa Zimbabwe. Ningetoa mshahara wa mwezi niwepo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nililigundua nikiwa nimekwisha kurudi nyumbani, na ambalo mpaka leo huwasimulia watu wasiopenda roki hata kidogo. Howard Devoto, mwimbaji wa Spiral Scratch, aliiacha Buzzcocks mara tu baada ya santuri ile, akaunda bendi nyingine, Magazine. Mpiga gitaa wa Magazine katika albamu yao ya mwaka 1981 alikuwa Ben Mandelson. Bendi ilivunjika mwaka huohuo. Baadaye Mandelson alishirikiana na Roger Armstrong, mwanzilishi wa Chiswick, moja ya kampuni huru za mwanzo kabisa Uingereza, kuanzisha GlobeStyle. Na GlobeStyle, kuanzia mwaka 1988, ndiyo iliyotoa mfululizo wa albamu za taarabu ya Zanzibar, wakiwemo Ikhwani Safaa na Culture Musical Club, na mwaka 1989 ikakusanya nyimbo za zamani za Black Star na Lucky Star za Tanga.

Tanga yangu! Nyimbo za arusi za mtaa wetu, zenye sauti ya Shakila, ziliwafikia wasikilizaji wa Ulaya kwa mkono wa mtu aliyepiga gitaa katika bendi ya baada ya panki. Na hakuna ajabu ndani yake ukiitazama vizuri. Aliyezoea kuamini kwamba santuri 1,000 zinatosha kuwa sababu ya kufanya kazi, hawezi kuogopa kurekodi fidla na ganuni Unguja. Kampuni kubwa ingeuliza soko liko wapi.

Mnyororo wa namna hiyo huenda mbali. The Raincoats walikuwa bendi ya wanawake wa London, mmoja wao, Ana da Silva, akitoka Madeira. Walitoa albamu yao ya kwanza Rough Trade mwaka 1979, fidla ikikwaruzana na magitaa, kisha santuri zikaadimika. Mwaka 1992 Kurt Cobain wa Nirvana, ambaye wakati huo dunia nzima ilikuwa inamjua, aliingia duka la Rough Trade kuitafuta albamu hiyo kwa kuwa yake ilikuwa imechakaa. Hawakuwa nayo. Wakamwelekeza kwenye duka la vitu vya kale alikofanya kazi Ana. Akaenda, akamwomba, na baadaye akaandika habari hiyo katika jalada la albamu ya Nirvana. Kwa maneno yake albamu zao zilitolewa upya. Duka lisilokuwa na mali limemwelekeza mteja kwa mwenye mali, bila kupata hata senti.

Mpwa wangu, aliyezaliwa mwaka Peel alipokufa, ananiambia, "Mjomba, siku hizi simu inajua ninachopenda." Inajua, sikatai. Inajua nilichokipenda jana na kunipa ndugu yake. Ila simu haijawahi kuniwekea wimbo wa Zimbabwe baada ya kelele za Wajerumani kwa sababu tu ulimliza mtu fulani asubuhi ile akiwa garini. Tovuti ya Bandcamp, ambako bendi huuza zenyewe, ilikuwa imekaribia duka la zamani, na wahariri wake walikuwa watu wenye masikio. Ikauzwa mwaka 2022, ikauzwa tena mwaka 2023, na nusu ya wafanyakazi wakaondolewa. Bado nanunua hapo, kwa tahadhari.

Mwenye kutaka kuanza, nampa ushauri huu. Asianze na Joy Division, ingawa kila mtu atamwambia hivyo. Ni mlango mzito. Aanze na Cut ya The Slits, ya mwaka 1979, iliyotayarishwa na Dennis Bovell, mzaliwa wa Barbados, kwa sababu mapigo yake ni ya reggae na mwili wa Mwafrika utajua la kufanya. Kisha The Raincoats. Kisha Gang of Four, asubuhi, si usiku. The Fall atawachukia kwa wiki mbili; awaache, atarudi mwenyewe.

Mpwa naye alilipa deni. Mwaka jana aliniletea Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Mburahati, Dar es Salaam, uliotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes, kampuni ndogo ya Kampala. Kasi yake ilinikumbusha panki kuliko kitu chochote nilichosikia kwa miaka arobaini. Na juzi ameniletea Duma, vijana wawili wa Nairobi, albamu ya mwaka 2020 ya kampuni hiyohiyo. Nilidhani ni duma wa porini, kumbe jina hilo kwa Kikuyu ni giza. Shangazi yake alitoka jikoni kuuliza kama redio imeharibika. Nimeisikiliza mara tatu. Wimbo wa pili nimeanza kuuelewa.